Bangili Iliyokunywa Nyumba Yetu

...imekunywa, ndivyo anavyosema Lynette, yule msichana wa chuo anayefanya utafiti, bangili imekunywa nyumba yetu, na ameketi pale kwenye kochi la watu wawili magoti yamebanana kama mtahiniwa, chai iko mbele yake hajaigusa, na mimi siku ile alipokuja kunivisha kile kipande cha mpira nilicheka, kusema kweli, nikamwambia dada, mimi ni fundi wa nguo, mtu akitaka kunipima alete utepe, kifua nakijua, mabega nayajua, kiuno tusikitaje mbele ya mke wangu, naye akacheka kwa adabu akasema Baba Sydney, hii haipimi vile uko, inapima kile kinakuingia, nikasema haya, funga, na nikakaa nayo wiki nzima, nikaoga nayo, nikalala nayo, nikashonea nayo suti ya harusi ya askari wa msitu kule Isecheno, mtu ana mabega mapana kama mlango wa kanisa, hata nikasahau kwamba iko mkononi, mpira mwepesi usio na rangi, kama ule wanaovaa wanafunzi siku za michezo, Nanjala, mke wangu, naye alifungwa wake, na mtoto akawekewa kipande kidogo ndani ya soksi, halafu Lynette akarudi, akakata zote kwa mkasi, akazifunga katika karatasi inayong'aa kama mtu anayefungasha nyama ya kuchoma, akaenda nazo, na sisi tukaendelea na maisha, na leo Jumamosi amerudi na anasema mpira ule, muda huo wote nilioudharau, ulikuwa unakunywa. Unakunywa nini, nauliza. Hewa, anasema, vumbi, vile ngozi yako inakunywanga, vile mapafu yako yanakunywanga, tofauti ni kwamba wewe ukikunywa hatuwezi kukukata tukuweke kwa mashine. Anasema hivyo bila kucheka. Nje ya dirisha, upande wa jikoni, mama mkwe wangu anamwimbia mtoto wimbo wa kanisani kwa Kiluhya, sauti ya chini, ya puani kidogo, na mimi niko ndani kwa hiyo yeye yuko nje, ndivyo tulivyo, nami namsikiliza Lynette kwa sikio moja na wimbo kwa lingine.

Anataja, na kila anachotaja anakigusa kwenye kioo cha ile simu yake kubwa, nukta moja moja, nukta za rangi, zimetawanyika kama mtama uliomwagika sakafuni, kila nukta ni kitu, anasema, na kila kitu kimetoka mahali, hii ni dawa ya mbu ya kuchoma, sawa, hiyo naijua, heri moshi kuliko malaria, hii ni harufu ya sabuni ya unga, hii ni ile inayofanya plastiki ilegee, inatoka kwa karai, kwa mtungi, kwa kitambaa cha meza, na hii je, hii ni ya sponji ya kochi, Baba Sydney, wanawekanga dawa ndiyo sponji isishike moto haraka, halafu inatoka pole pole, na hapo najikuta nimejiinua kidogo kama mtu aliyekalia yai, kwa sababu kochi hili nililishona mwenyewe, kitambaa nilichagua mwenyewe, na miaka yote hii limekuwa likipumua chini yangu na sikujua kwamba kochi hupumua... na hii ni dawa ya mende, anasema, nami namwambia hapo mmekosea, sisi hatuna mende, Lynette akamtazama Nanjala, Nanjala akatazama dari, na nikaelewa, dari ni moja, sisi na Beverly wa mlango wa pili tumegawana dari, Beverly akipuliza mende wake Ijumaa, dawa inatambaa juu ya mbao inatushukia sisi tukila obusuma, ugali wetu, kwa amani, na kuna manukato, manukato mengi, Lynette anacheka sasa, mbona uko na pafyumu nyingi hivi, Nanjala hacheki, nami naeleza upesi kwamba ni wateja, unapomzungushia mtu utepe kifuani unaingia ndani ya harufu yake, hakuna njia nyingine, na yeye ananiachia kiasi chake na kwenda zake, kwa hiyo nusu ya wanaume wa Kakamega wako kwenye mkono wangu wa kulia, mashemasi, makarani, walimu, nami nilidhani ni mimi ninayewapima. Halafu anagusa nukta moja ndogo, iko pembeni peke yake, na sauti yake inashuka, hii hata sisi ilitushangaza, hii ni dawa ya mbu ya zamani, siku hizi hairuhusiwi, labda walipulizia hizi kuta kabla nyinyi hamjazaliwa, na vumbi lake bado liko. Natazama ukuta. Ni ukuta tu, nimeupaka rangi mara mbili, una kalenda na picha ya harusi, lakini sasa namwona mtu, simjui jina, amebeba pampu mgongoni, mama yangu hajakutana bado na baba yangu, mtu huyo anapuliza ukuta huu kutoka chini kwenda juu kama alivyofundishwa, anatoka, ananawa mikono, anaenda kwao, pengine amekufa na watoto wake ni wazee, na kazi ya mkono wake bado inatuangukia hapa tukila, tukilala, na ni kiasi gani, nauliza, maana mimi ni mtu wa vipimo, na Lynette anafikiri, anasema chukua chembe moja ya chumvi, iangushe kwa pipa la maji ya mvua, koroga, halafu onja, wewe hutasikia kitu, hiyo mashine inasikia. Mungu wangu... nilijihesabu kuwa ninaijua hii nyumba, najua msumari upi umelegea, kumbe nilijua mishono ya nje tu, na ndani yake kuna haya yote, yanapita kila saa, kimya, na hakuna aliyeyaona tangu nyumba hii ijengwe mpaka msichana huyu wa Mukumu alipokuja na kamba ya mpira, na nasikia ngozi ya mikono ikisisimka kama kanisani pale maombi yanapofika mwisho na hakuna anayethubutu kusema amina kwanza.

Lakini hakuja kwa sababu ya kochi, najua, na Nanjala anajua, ndiyo maana ameshika kikombe kitupu kwa mikono miwili, Lynette amekuja kwa sababu ya Sydney, mtoto wetu wa miezi miwili, ambaye tumempeleka hospitali mara mbili tayari, mara ya kwanza macho yamegeuka manjano, tukaambiwa watoto wachanga wengi huwa hivyo, itaisha, na ikaisha, tukarudi nyumbani tukachinja kuku, ingokho ya shukrani, mara ya pili midomo imepauka, hanyonyi, analia kwa sauti ndogo isiyo na hasira, na mtoto asiye na hasira ndiye wa kuogopwa, mkojo wake kwenye nepi una rangi ya chai kavu, wakamwongezea damu, mshipa wenyewe mwembamba kama uzi wa kutarizi, nami nilisimama ukutani nikitazama damu ya mtu nisiyemjua ikiingia tone kwa tone kwa mwanangu na nikamwahidi Mungu mambo ambayo sitayataja hapa, halafu daktari akatuketisha, akasema damu ya huyu mtoto ina asili yake, chembe zake huvunjika upesi zikikutana na vitu fulani, si ugonjwa, wanaume wengi wa sehemu hizi wako nayo wanazeeka nayo bila kujua, mama humpa mwanawe wa kiume, yeye mwenyewe isimsumbue, na ndiyo iliyowakinga mababu wasimalizwe na malaria, hebu fikiria, akasema, ni zawadi na ni mtego, vyote kwa pamoja, akatutajia dawa za kuepuka, akataja zile tembe nyeupe za kuweka kwenye nguo, akauliza nyumbani kwenu mko nazo, tukasema hatunanga, na tulisema kweli, akasema basi kuna kitu, kitafuteni, kwa sababu mtoto huyu hawezi kuvunjikiwa damu mara ya tatu. Tukatafuta. Tulitupa nusu ya vitu vya nyumba, Nanjala akaacha mafuta yake ya nywele, mimi nikaacha kuingia na nguo za dukani, Lynette akaja na mpira wake, na kila asubuhi tunamvuta mtoto kope la chini tutazame rangi, na jana, jana tulitazama wote wawili na rangi ilikuwa imepungua... Sasa Lynette anafungua nukta za Sydney, na hata kabla hajasema naiona, nukta moja, nyeupe, kubwa kuliko zingine zote zikikusanywa, na anauliza swali lile lile la daktari, mko na zile tembe nyeupe, naftalini, za nguo zisiliwe na wadudu, na Nanjala anajibu jibu lile lile, hatunanga. Lynette anaikuza nukta kwa vidole viwili. Hizo tembe hazitulianga mahali pamoja, anasema, zinageuka hewa, hivyo tu bila moto, ukizipatia joto ndiyo zinapanda zaidi, na mtoto anazipata mahali, anazipata karibu sana, kila siku, sasa nauliza, kando na nyinyi wawili, kuna mtu mwingine anamshikanga? Nanjala ananitazama, halafu anatazama dirisha, anasema, Mama.

Mama... na hapo ndipo kosa lilipokuwa limeketi siku zote, katika ile kweli yetu, kwa sababu daktari alisema nyumbani kwenu, na mama mkwe kwa desturi yetu hayumo nyumbani kwenu, yumo na hayumo, amekuja kutoka Ekero siku mtoto alipozaliwa, mgeni njoo mwenyeji apone, lakini hajalala chini ya paa langu hata mara moja, analala kwa Beverly, begi lake liko kwa Beverly, na mpaka siku wazee watakapokaa na mimi nipeleke blanketi na kitenge na tupeane mkono mbele ya watu, mimi na yeye hatushikani mkono, hatuketi chumba kimoja, hatutazamani, mimi nikiingia kwa mlango wa mbele yeye anatoka kwa mlango wa jikoni, nimekaa naye miezi miwili namjua kwa kikohozi, kwa kandambili zake, kwa obusuma aliofunika na sahani akaniachia mezani, ukiwa bado moto, mgumu namna ninavyoupenda, na sijawahi kumwambia asante ila kwa kupitia Nanjala, na jinsi mkwe aliye na adabu atakavyojua kilicho kwenye begi la mama mkwe wake, hiyo sijui, nani huuliza. Ni shali, anasema Nanjala, polepole, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa mbali, ile shali ya sufu, ya kahawia, iliyotubeba sisi wote, inawekwanga kwa sanduku la bati pale Ekero na hizo tembe, na hata hapa kila jioni anaikunja kwa mfuko na kuziweka zingine, nguo ya mtoto isichezewe na wadudu... na macho yake yamejaa, Lynette, anasema, sikuwahi kujua hiyo ni harufu ya dawa, mimi nilijua ni harufu ya Mama. Nami nafumba macho kwa sababu naijua pia, jioni ninapomwinua Sydney naweka pua pale kwenye shingo, kuna kitu kitamu kidogo, baridi kidogo, chini ya maziwa na mafuta, na pua yangu ya fundi iliyonusa kila kitambaa duniani ikasema hii ndiyo harufu ya mwanangu, na nikaipenda. Na nje wimbo unaendelea, na sasa naelewa wanakokaa, wanaota jua, Mungu wangu wanaota jua, kwa sababu mtoto aliyegeuka manjano huoteshwa jua la asubuhi, kila mama anajua hivyo, na yeye tangu tutoke hospitali hajaacha hata siku moja, mvua ikikatika tu anatoka na kigoda, anamfunga mtoto kifuani ndani ya shali asipigwe na upepo, anageukia jua, anaimba, na jua linaipasha shali joto, na tembe, Lynette amesema sasa hivi, ukizipatia joto... anamtibu. Anamtibu kwa moyo wake wote, na dawa yenyewe ndiyo inayoifungulia sumu mlango.

Kikulacho ki nguoni mwako, msemo unakuja wenyewe na ninaufukuza, kwa sababu msemo ule ni wa adui, na hapa hakuna adui, nimetafuta adui miezi miwili nikamkosa, nilitaka awe kiwanda fulani, awe mwenye nyumba, awe Beverly na mende wake, na badala yake ni mwanamke aliyepita barabara ya Mumias na shali kwenye begi akilishika magotini. Lynette bado anazungumza, hapimi tena, anaongea kama mtoto wa mtu, anasema si vibaya sana, mmejua mapema, mtoto atolewe kwa hiyo shali, mumrudishe leo leo kwa daktari atazame damu, nguo zake zote zifuliwe zianikwe nje siku nyingi, hizo tembe zitoke kabisa, halafu anaongeza, na hata kwako iko, Baba Sydney, ndogo, lakini iko, na anageuza kioo, na kweli, pale kati ya mashemasi na makarani, nukta nyeupe. Kwangu mimi. Ninayekohoa mlangoni ndiyo mama mkwe apate nafasi ya kutoka, mimi ninayegeuka ukutani nikimkuta uani, sijamgusa hata kidole, wala sijakalia kigoda chake, na yuko mkononi mwangu, amekuja kupitia shingo ya mtoto, amekuja kupitia kiti hiki hiki anachokikalia nikiwa dukani, siku zote hizi nikilinda mpaka, nikijisifu kwa wenzangu kwamba mimi ni mkwe wa kizamani, hewa ilikuwa inapita huku na huku ikitushona pamoja, na sioni aibu, ajabu, naona kitu kikubwa kuliko aibu, naogopa kama mtu aliyeonyeshwa shimo refu na mtu mwingine akamwambia hilo si shimo, ni kisima... kwa sababu kama yeye amenifikia mimi basi na mimi nimemfikia, chaki yangu ya cherehani iko kwenye mapafu yake, moshi wa nyumba yangu, mende wa Beverly, yule mtu na pampu yake, wote tumo, na nilidhani mtu anaishia kwenye ngozi, kazi yangu yote imesimama juu ya hilo, mtu anaanzia hapa na kuishia hapa, andika inchi, kata kitambaa. Nanjala anaweka kikombe chini, anainuka. Nitaenda kumwambia, anasema, na sauti yake ina makali, si ya hasira, ni ya woga, nitamwambia atoe hiyo shali, niichome. Na hapo ndipo kinachonijia kinanijia, jambo aliloniambia Nanjala mwenyewe mwaka wa kwanza wa ndoa yetu, usiku tulipokuwa tukitaja watu wa kwetu, kwamba kabla yake yeye kulikuwa na mvulana, kifungua mimba, aliitwa Hezekiah, hakufikisha mwezi, aligeuka manjano na kupauka, watu wa Ekero wakasema mengi, wakasema ni jicho, wakasema ni mambo ya upande wa baba, na ni shali ile ile, Nanjala, umesema mwenyewe, iliyowabeba wote, kaka zako wawili wako hai kwa sababu hawakurithi, wewe uko hai kwa sababu ni msichana, na Mama si mjinga, Mama ni mwanamke anayejua hesabu ya watoto wake, ukimwambia shali, kabla hujamaliza neno atakuwa amekwisha kufika kwenye lile kaburi dogo, na utamwacha pale peke yake, na ukichoma... Keti, nasema. Nanjala ananitazama. Keti, mama Sydney, nitaenda mimi. Wewe? anasema. Utaendaje wewe? Na ni kweli, nitaendaje, lakini kuna kitu kingine, nakisikia sasa kwa kutokuwepo kwake, dirisha liko wazi tangu asubuhi na nje hakuna wimbo.

Amesikia. Kwa muda gani, sijui, pengine tangu chembe ya chumvi, akiimba huku akisikiliza, na natembea, ni hatua chache kutoka kochini mpaka mlango wa jikoni na sijawahi kupita njia hii akiwa upande wa pili, pita sufuria, pita jiko, mimi ninayejua kumwambia mteja mnene kwamba amepungua, nitamwambia nini, nitamwambia ni kosa la tembe, nitamwambia daktari mwenyewe hakujua, nitamwambia asante kwa obusuma, na kama akiuliza la kule nyuma sitamdanganya, sitamdanganya na sitamuua, kati ya hayo mawili kuna nafasi nyembamba ya kupitisha sindano na sijui kama mkono wangu unaiweza. Jua limewaka uani. Yuko pale kwenye kigoda, amenipa mgongo kama inavyopasa, leso kichwani, shali ya kahawia imewazunguka wote wawili na kufungwa fundo begani, na kisigino kimoja cha Sydney kimechomoza kwa pembeni, kimepauka, nakiona kutoka hapa. Mama, nasema, naomba mtoto. Hageuki. Mkono wake unapanda begani na kusimama kwenye fundo. Ni hii shali, baba? anauliza, na ndiyo maneno ya kwanza amewahi kuniambia, sauti ni ile ya wimbo, ya puani kidogo. Ni tembe, Mama, nasema, shali haina makosa, ni zile tembe, na hata kwangu zimepatikana, ziko kwa mkono wangu na sijawahi kukushika mkono. Kidole chake kinaingia ndani ya fundo. Nyuma yangu Nanjala amefika mlangoni, nasikia pumzi zake. Fundo linafunguka polepole, na shali inaanguka mapajani, na harufu inanifikia, ile ile, tamu kidogo, baridi kidogo. Na Hezekiah wangu? anauliza. Kila kitu ndani yangu kinataka kusema hapana, ni neno fupi, lingemtosha mpaka mwisho wa siku zake, na nasema, sijui, Mama, hakukuwa na wa kupima. Anaitikia kwa kichwa, mara moja, kama mtu aliyepewa chenji yake ikatimia, anainuka na mtoto mikononi bila kitu juu yake, na ananigeukia, uso kwa uso, pale juani, mbele ya Nanjala na msichana wa chuo na yeyote wa mtaa anayetazama, na ninapompokea mwanangu mikono yetu inagusana na hakuna anayeiondoa upesi, na naona kwamba macho ya Sydney, ambayo tangu azaliwe nimekuwa nikiapa kwa watu kuwa ni yangu, ni ya huyu mama.